Siku Zumari Iliponyamaza Kaole

Jumapili iliyopita nilikwenda kuangalia mpira. Vijana wetu walifungwa na wageni waliotoka Dar es Salaam, na baada ya mchezo nilimwona seremala mmoja, mtu mzima mwenye mke na watoto, amekaa mchangani nyuma ya goli analia. Nikamwambia, "Nyanyuka, mwanangu, unachafua kanzu." Akanitazama kama niliyemtukana.

"Babu," akasema, "mambo haya wewe huyajui. Wakati wenu hakukuwa na timu."

Sikumjibu pale. Mimi kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, katika shule ya usiku, mvi zimekwisha kuniota, na tangu hapo jambo likinikaa moyoni napenda kuliandika kuliko kulipigia kelele uwanjani.

Timu tulikuwa nayo. Timu yetu ilikuwa mtaa wa Gongoni, na mchezo wetu ulikuwa kirumbizi. Zama zile Bagamoyo ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, Wajerumani walikuwa hawajaingia, nami nilikuwa kijana ninayeshona kofia barazani kwa mjomba wangu. Kirumbizi chetu kilichezwa hivi: watu wawili wanaingia katikati ya duara, kila mmoja na fimbo yake, ngoma zinapigwa na zumari inalia. Anayemgusa mwenzake kwa fimbo kichwani au begani ndiye mshindi. Kuanguka si kushindwa. Fimbo kukutoka mkononi si kushindwa. Lazima uguswe. Na juu ya yote palikuwa na sheria ya zumari. Zumari ikilia, piga. Zumari ikinyamaza, fimbo chini. Pigo lililotua zumari imenyamaza halikuwa mchezo tena, lilikuwa ugomvi, na aliyelipiga alihesabiwa ameshindwa hata kama alikuwa akitamba tangu asubuhi.

Kwa hiyo mpiga zumari alikuwa mtu mkubwa. Wetu aliitwa Mzee Muhidini, mfupi, mwembamba, mwenye mashavu yaliyolegea kama mifuko mitupu. Alijua kuvuta pumzi kwa pua huku mashavu yamejaa upepo, hata zumari yake isikatike tangu pambano linaanza mpaka linakwisha. Tulimtania kwamba hata uji anakunywa kwa pua. Hakuna mtu wa Gongoni aliyewahi kumsikia akikatisha.

Mchezaji wetu alikuwa Seleman. Huyu alikuwa mtumwa wa Sheikh Humoud, Mwarabu aliyefanya biashara ya sandarusi, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, na kazi ya Seleman ilikuwa kuiosha na kuichambua ile sandarusi ghalani. Alikuwa na mikono mirefu na macho yasiyopepesa. Sheikh Humoud alikipenda kirumbizi kuliko chakula. Watu walisema alipokwenda kununua mtumwa hakutazama meno, alitazama vifundo vya mikono. Kila pambano alikuja na kiti chake, akakaa mbele, akaimba nyimbo za mtaa pamoja na wauza vitumbua na wachukuzi, kilemba kimemwendea upande. Siku za kirumbizi ungedhani ni mwenzetu.

Lakini watu wa Kaole, majirani zetu wa pwani, walitushinda. Mwaka baada ya mwaka walitushinda, kwao na kwetu. Mtu wao Mbaruku alikuwa mvuvi wa pweza, mnene wa shingo, na hakuna aliyejua kumzunguka. Tulirudi kila siku ya Mwaka, sikukuu yetu ya kufungua mwaka mpya, tumeinamisha vichwa, na njiani watoto wa Kaole walituimbia:

*Gongoni, Gongoni, fimbo zenu kuni,*
*rudini mkapikie wake zenu jikoni.*

Sasa nieleze jambo lenyewe. Ijumaa moja baada ya sala, watu wamekaa barazani, Sheikh Humoud alitembelewa na binamu yake Nasor, aliyekaa Kaole na kushabikia Kaole. Wakanywa kahawa, wakazungumza habari za mizigo, kisha Nasor akamgeukia Seleman aliyekuwa akigawa vikombe.

"Humoud, mtu wako huyu unamlisha vizuri. Kanenepa. Lakini kila Mwaka anarudi na nundu. Mfunge kilemba cha godoro, ndugu yangu, umwonee huruma."

Watu wakacheka. Hata sisi wa Gongoni tulicheka, maana ilikuwa kweli. Sheikh Humoud hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Wallahi," akasema, "siku ya Mwaka, Seleman akimshinda mtu wenu, yu huru, na mkewe yu huru. Nyote mashahidi. Na akishindwa, sitaki kuuona uso wake mjini hapa. Nampeleka Pemba kwa kaka yangu akachume karafuu mpaka azikwe huko. Na mkewe atabaki kwangu."

Seleman alikuwa bado ameshika birika. Akamjazia Nasor kikombe, akapita kwa mwingine.

Mkewe aliitwa Miza. Naye alikuwa mtumwa wa nyumba ile, mpishi, na siku zile alikuwa mjamzito. Pemba yenyewe si mbali, lakini aliyepelekwa shambani kule hakurudi. Hilo tulilijua sote, na kwa sababu hiyo mchezo ule haukuwa tena wa kujigamba. Ashura, mwanamke aliyekuwa akianzisha nyimbo zetu, mwenye sauti ya kusikika mpaka forodhani, alisema, "Mwaka huu hatwendi kuimba. Twenda kumkomboa mtu."

Na tulifanya kazi. Jioni kwa jioni tulikwenda kumwangalia Seleman akifanya mazoezi nyuma ya ghala. Wavuvi walimletea samaki. Bibi mmoja alimchemshia majani ya kukanda mabega. Sisi vijana tulicheza mahali pa Mbaruku, tukatanua shingo na kutembea kama yeye, Seleman akatupiga mabegani mpaka tukashindwa kuinua sindano kesho yake. Siku moja akapita barazani kwangu.

"Fundi, nasikia unanishonea kofia."

"Nakushonea. Ya muungwana, ya vito."

"Ishone kubwa basi. Kichwa kitakuwa kimevimba, ama kwa fimbo ama kwa majivuno."

Akacheka, akaenda zake. Mtumwa hakuvaa kofia zama zile, na mimi nilikuwa naishona kweli.

Siku ya Mwaka ikafika. Mwaka ule zamu ilikuwa ya kwenda Kaole. Tuliondoka kumekucha, maji yametoka, tukapita pwani kando ya mikoko, ngoma vichwani, wanawake mbele na Ashura mbele yao. Nyimbo zetu zilikuwa za kawaida lakini sauti zilikuwa nyingine. Ashura aliimba:

*Mwenye kichwa akifunge,*
*Seleman yuaja.*

Sisi tukaitikia, "Yuaja!" na wengine walikuwa wakifuta macho huku wanaitikia. Seleman alitembea katikati yetu, kaniki yake ameikaza kiunoni. Miza alikuwa nyuma yake kidogo. Alikuwa amejitanda leso nyekundu, nguo yake nzuri ya pekee, aliyopewa siku ya ndoa.

Kaole walitupokea kwa matusi, kama ilivyokuwa ada.

"Karibuni kuni!" mmoja akapiga kelele.

"Kuni hizi leo zina moto," Ashura akamjibu. "Ondoa ndevu zako karibu."

"Mmekuja na jeneza?"

"Tumeliacha kwenu, tulijua mtalihitaji!"

Watu wakacheka pande zote mbili. Lakini niliona baadhi ya wazee wa Kaole hawacheki. Habari ya kiapo iliwafikia. Mbaruku mwenyewe alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, na wenzake walipomrukia wakimwimbia, alitikisa kichwa tu.

Duara likafungwa. Mzee wa fimbo, ambaye ni mwamuzi, alikuwa mtu wa Mlingotini asiye wa huku wala wa huko. Akasoma Fatiha, akataja sheria, akasema raundi za mwanzo zumari itakuwa ya Kaole na ya mwisho itakuwa ya Gongoni. Mkataba ulikuwa hivyo: kama raundi za mwanzo hazikutoa mshindi, wa mwisho angepatikana kwa zumari ya wageni.

Sitaeleza kila kitu. Nimeangalia michezo mingi maishani, wala sijaona tena miguu kama ile ya Seleman siku ile. Mbaruku alikuja kama ukuta, Seleman akamzunguka. Fimbo zilipogongana zilitoa vumbi. Mara moja fimbo ya Mbaruku ilipita karibu na sikio la Seleman. Mtu aliyekuwa kando yangu alinishika mkono, sikumjua ni nani, nami sikuuondoa. Raundi za mwanzo zikaisha bila mtu kuguswa. Kaole wakaanza kuimba nyimbo za chini, zile za wasiwasi.

Ndipo Mzee Muhidini akaingia na zumari yake. Akalamba mdomo, akajaza mashavu.

Nakumbuka sauti ile ilipoanza. Ilikuwa kama imetoka nyumbani kwetu. Seleman akasikia, mabega yake yakashuka, akaanza kucheza kama nyuma ya ghala. Akamsukuma Mbaruku nyuma, akamsukuma tena. Sheikh Humoud alikuwa amesimama juu ya kiti chake, anaimba. Sote tulikuwa tunaimba, kisha nyimbo zikaisha ikabaki kelele tupu, jina la Seleman tu, kila mtu kwa namna yake. Mbaruku akakanyaga mchanga uliolegea, mguu ukamponyoka, akapiga goti chini.

Tukadhani imekwisha. Hapana, tulijua kuanguka si kushindwa, hata mtoto wa Gongoni alijua. Lakini kwa miaka yote hatukuwahi kumwona Mbaruku chini. Wanawake wakapiga vigelegele. Na Miza, ambaye tangu asubuhi hakufungua kinywa, akavua leso yake nyekundu, akakimbia ndani ya duara kumtunza Mzee Muhidini.

Kwa wasiojua: mpiga zumari akiwafurahisha watu hutunzwa, na nguo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, hutupiwa mabegani. Wanawake walifanya hivyo kila siku katika kila ngoma. Miza hakufanya jambo geni. Alikuwa na kitu kimoja cha kutoa akakitoa. Lakini alikuwa anakimbia, machozi yamemjaa, na leso haikutua mabegani. Ilitua kichwani mwa Mzee Muhidini, ikashuka usoni, ikafunika kinywa na zumari pamoja.

Zumari ikakatika.

Mbaruku akasikia. Akiwa goti lake bado liko chini, akashusha fimbo kama sheria inavyosema, akaiweka juu ya paja. Seleman hakusikia. Fimbo yake ilikuwa imekwisha kuinuka. Ikashuka, ikampiga Mbaruku begani, pigo safi, lililonyooka, pigo tulilolisubiri miaka yote ile.

Tukaruka juu. Tulikumbatiana na watu tusioelewana nao. Nilimwona Sheikh Humoud ameanguka kutoka kwenye kiti na kanzu yake imejaa mchanga, anacheka. Kisha nikaona Kaole hawalii wala hawaondoki, wote wamenyoosha vidole kwa Mzee Muhidini, naye anahangaika kuitoa leso usoni.

Mzee wa fimbo akainua mkono. Ilichukua muda mpaka tukanyamaza.

"Zumari ilikuwa inalia au imenyamaza?" akauliza.

Pande zote zikapiga kelele, sisi "Inalia!" wao "Imenyamaza!" Akainua mkono tena. Katika kirumbizi aliyepigwa ndiye anayeulizwa, kwa kuwa ndiye mwenye uchungu wa pigo na ndiye anayejua lilimkuta vipi. Neno lake halipingwi. Mzee akamgeukia Mbaruku.

"Mbaruku, pigo lilikukuta wapi, katika zumari au katika ukimya?"

Mbaruku alisimama polepole. Akamtazama Seleman. Akamtazama Miza, ambaye alikuwa amejishika tumbo na kichwa chake kiko wazi. Nina hakika alijua tunachomwomba. Ashura alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kwamba anayo, "Mwanangu. Tafadhali, mwanangu." Na nyuma yake mji wake wote ulikuwa unapiga kelele, "Sema kweli, Mbaruku! Sema kweli!"

Akalikanda bega lake, nami nikaanza kutumaini.

"Lilinikuta katika ukimya," akasema.

Watu wa Kaole wakambeba. Alikuwa analia juu ya mabega yao, lakini walimbeba. Sikumchukia siku ile na simchukii leo. Alisema kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesikia zumari ikikatika, na nimeishi maisha yangu yote nikijua kwamba nilisikia.

Mzee wa fimbo akamwuliza Seleman, kwa ada tu, kama ana neno.

"Sikusikia zumari," Seleman akasema. Akatugeukia sisi, watu wa Gongoni, na hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa kama mtu anayeshukuru. "Niliwasikia nyinyi tu."

Kisha akaenda kwa Mzee Muhidini, akaiokota leso, akaikung'uta mchanga, akamtanda mkewe. Miza alikuwa anasema, "Ni mimi, ni mimi, ni mimi." Seleman alimwambia neno sikioni. Sijui ni neno gani.

Kurudi tulirudi kimya. Maji yalikuwa yamejaa, tukapita njia ya juu, mashambani. Hakuna mtoto wa Kaole aliyetuimbia.

Asubuhi yake tulikwenda kwa Sheikh Humoud, mtaa mzima. Tulimtanguliza mwalimu wa chuo, aliyetufundisha sote Kurani. Sheikh alitoka, macho yake mekundu. Naamini hakulala.

"Sabalkheri, Sheikh," mwalimu akasema. "Tumekuja kwa habari ya kiapo."

"Kiapo kimekwisha jibiwa."

"Kiapo kina kafara yake, nawe unajua. Lisha maskini, au funga. Mwenyezi Mungu ameiweka njia. Maskini wenyewe ni sisi hapa, tulishe mchana huu, jambo likwishe."

Baadhi yetu tukacheka kidogo, tukidhani mzee amepata mlango. Sheikh Humoud akatazama chini.

"Nasor alikuwapo," akasema. "Baraza lote lilikuwapo. Nilisema nyote mashahidi. Nikivunja neno langu leo, kesho nitauza na nani? Atanisadiki nani?"

"Sheikh," nikasema, na mjomba akanivuta kanzu lakini nikasema, "amri ni yako. Mtu ni wako. Nani atakulazimisha?"

Akaniangalia kwa uchungu wa kweli. "Unadhani siumii? Mimi nimempoteza mchezaji!"

Ashura akatema mate chini. Mtu mwingine angepigwa kwa hilo. Sheikh Humoud akajifanya hakuona, akaingia ndani.

Siku zilizobaki tulizitumia kufikiri njia za wazimu. Wako waliosema Seleman atoroke aende bara, Kiwangwa na mbele yake, walikokuwako watoro waliojijengea vijiji. Wako waliosema akimbilie kwa mapadri. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Nilimkuta ghalani anachambua sandarusi kama kawaida, ya manjano huku, nyeusi huku.

"Mimi naweza kukimbia," akasema. "Miza na tumbo lile atafika wapi? Na nikikimbia peke yangu, kosa langu atalilipa nani? Yeye."

"Basi tufanye nini?"

"Mtazameni," akasema. "Mkipita pale nyumbani, salimianeni naye kwa jina lake. Msimpite."

Watu wa Sheikh wakamchukua Seleman Jumatatu, mchana, watu wako sokoni. Miza alijifungua mtoto wa kike baada ya mfungo. Tulimsalimia kwa jina lake, kila siku, mtaa mzima, mpaka alipotuambia tupunguze, maana alikuwa hawezi kuchota maji kwa kuitikia. Hatukupata habari ya Seleman. Niliwauliza mabaharia wa Pemba kila walipofika, na kila mmoja alimjua Seleman wake, mwingine mfupi, mwingine mzee, mwingine aliyekufa kwa ndui.

Mwaka uliofuata Sheikh Humoud alileta mchezaji mpya, kijana wa bara aliyeitwa Feruzi, mwenye vifundo vinene na Kiswahili kidogo. Zamu ilikuwa yetu, kwa hiyo pambano lilikuwa Gongoni. Tulikwenda. Watu wanauliza kwa nini tulikwenda, sijui. Mtu hawezi kukaa nyumbani zumari inapolia mtaani kwake. Tulisimama kwenye duara letu, mahali petu, na Mzee Muhidini akapiga.

Kaole wakaimba. Sisi hatukuimba. Hatukuwa tumepatana. Nilifungua kinywa na hakikutoka kitu, nikatazama kando nikaona kila mtu amefunga mdomo.

Sheikh Humoud akageuka kitini. "Imbeni!" akasema. "Mnangoja nini? Ashura, anzisha!"

"Koo limekauka, Bwana," Ashura akasema.

"Mleteeni maji!"

"Halitaki maji."

Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akageukia uwanja, akaanza mwenyewe, kwa sauti yake mbaya, *mwenye kichwa akifunge*, akafika penye jina, akasita, akatia jina la Feruzi. Hakuna aliyeitikia. Akaimba tena. Hata Kaole wakanyamaza kumsikiliza, na kilichobaki ilikuwa zumari, safi, haikatiki, na mzee mmoja anaimba peke yake.

Feruzi alimpiga Mbaruku begani zumari ikilia. Hakukuwa na shaka yoyote. Mbaruku mwenyewe alilishika bega, akasema, "Limenikuta," akaweka fimbo chini. Tulikuwa tumewashinda Kaole.

Feruzi alisimama katikati ya duara, jasho linamtoka, fimbo bado juu, akingoja. Akatutazama sisi, akamtazama mzee wa fimbo, akatutazama tena. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake kichache, kwa woga:

"Nimekosea nini?"